Digrii Mia na Ishirini na Nane

Mimi ni shofere. Zaidi ya nusu ya maisha yangu imepita kwenye barabara ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, na hasira za barabarani kwa kawaida huniisha nikishanawa matope. Hii moja haijaisha, na sitaki iishe.

Shirika dogo la afya lililokuwa na ofisi Masisi lililetewa gari kutoka Ulaya. Lilikuwa nyumba ya magurudumu, ya dizeli, zile ambazo wazee wa kule husafiria wakistaafu. Waliondoa jiko, wakaweka kitanda cha kupimia wajawazito na kabati la dawa. Watu wa Mpofi, kijiji tulichokihudumia, waliliita nyumba ya daktari, ingawa daktari hakuwahi kulipanda. Tulikuwa wawili: dada mmoja muuguzi nyuma, mimi kwenye usukani.

Giaboksi yake, ambayo huku tunaiita bwate, ilikuwa otomatiki. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kitabu chake cha Kifaransa, kidole juu ya mstari, na nilipokwama nilimpigia simu fundi mmoja wa Butembo anayetengeneza malori ya wafanyabiashara. Nilichoelewa ni hiki. Katika bwate kama hii, ni mafuta yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Ukipanda mlima polepole kwenye matope, injini inazunguka sana na magurudumu kidogo, na ile nguvu inayopotea katikati inageuka joto ndani ya mafuta. Njia ikiwa tambarare, kipimo cha joto la mafuta hayo kinasoma digrii themanini mpaka tisini na tano. Mlimani kinafika mia na tano, mia na kumi. Hapo usiogope, lakini usiondoe macho. Kikivuka mia na ishirini, simama. Usizime injini. Toa gia, kanyaga pedali kidogo tu, ili mafuta ya bwate yaendelee kupita kwenye radieta yake, mpaka namba ishuke. Dakika kumi na tano, ishirini. Mafuta yakiungua hayaponi, na bwate haiponi.

Si elimu ya kutisha. Dada muuguzi aliielewa siku ya kwanza. "Ni kama homa," aliniambia. "Mutu akiwa na homa haumupandishe mulima."

Mkuu wetu wa usafiri, ambaye sote tulimwita Shefu, hakutaka kuelewa. Alikuwa mtu wa ofisi, mashati yamepigwa pasi, na gari alilijua kwa karatasi zake. Kwake joto lilikuwa moja tu, la maji ya injini. Kila niliposimama mlimani na kuandika saa kwenye daftari la safari, aliniita ofisini kuniuliza nilikuwa nimelala wapi. Halafu wakaja wageni wa kutoka nje, mmoja akauliza kwa nini kipimo kile kina sehemu nyekundu. Kesho yake nilikuta kimefunikwa kwa sparadra, plasta ya kufungia vidonda, imetoka kwenye kabati letu wenyewe. Nikaibandua. Wiki iliyofuata ikarudi. Nikaibandua tena, na sikusema neno. Nilipaswa kusema siku ile ile.

Asubuhi ya tukio lenyewe Shefu alikuwa ndani ya gari, mara yake ya kwanza kufika Mpofi. Alitaka picha. Tulipokuwa tunafunga milango ili turudi, wakamleta mama mmoja mkulima, uchungu ulikuwa umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Dada alimpima akasema huyu anahitaji kupasuliwa, twende Masisi hospitali. Tukamlaza kwenye kitanda, mume wake akakaa chini akimshika mkono.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mlima wa kwanza kipimo kilifika mia na kumi na nane. Wa pili ni mrefu zaidi, na katikati yake nikasoma mia na ishirini na mbili. Nikasogea pembeni, nikatoa gia.

"Unafanya nini?" Shefu aliuliza.

"Mafuta ya bwate imepata moto. Dakika kumi na tano, Shefu, kisha tunaenda."

"Maji ya injini iko sawa. Naiona."

"Si maji. Ni mafuta ya bwate. Tukilazimisha, hatufike."

Akageuka, akaelekeza kidole nyuma, alipolala yule mama. Alisema kwa sauti ambayo mume angeisikia: "Huyu mama akikufia hapa juu ya kipimo chako, utamwambia nini bwana yake?"

Mume aliniangalia. Dada alisema, "Shefu, acha shofere afanye kazi yake," lakini Shefu alikuwa ameshatazama saa ya mkononi, na ndipo nilipokumbuka kwamba wageni walikuwa wanamsubiri Masisi saa sita. Hakuwa anamfikiria mama. Alimtumia.

Na mimi nikakanyaga. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Nilijua, nikakanyaga, kwa sababu sikutaka macho ya mume yule yanitazame namna ile.

Mia na ishirini na nane ndiyo namba ya mwisho niliyoisoma. Kwanza ikaja harufu ya kuungua. Kisha injini ikanguruma peke yake, kwa nguvu, na gari halikusogea. Nilijaribu kila gia. Hakuna hata moja iliyoshika.

Wanaume waliokuwa wanapalilia maharage upande wa juu walishuka bila kuitwa. Walikata miti, wakafunga shuka zetu, wakatengeneza tipoyi, machela ya kubebea mabegani. Watu wanane walipokezana, na Dada akitembea ubavuni kwa mama bila kuacha kumsemesha. Nami nilibeba. Shefu alipata pikipiki akatangulia kwenda kwa wageni wake. Sisi tulitembea karibu saa tatu. Mama alikuwa analia mwanzoni, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikotufanya tukimbie.

Alipasuliwa. Alipona, na mtoto alipona. Ninashukuru, nami nilipiga magoti kanisani kama wengine. Lakini kupona kwao kukawa kifuniko. "Mungu amesaidia," Shefu alisema kwenye mkutano, "tusirudie ya nyuma." Kisha akasoma ripoti yake: bwate imekufa kwa sababu shofere hajui kuendesha otomatiki. Akanisogezea kalamu nitie sahihi.

Fundi wa Butembo alikuwa amefungua bwate siku moja kabla. Mafuta ambayo yangepaswa kuwa mekundu yalikuwa meusi, yananuka. Nilikuwa nimeleta kidogo kwenye chupa. Niliiweka mezani pamoja na daftari langu, namba zote, safari zote.

"Soma," nilimwambia.

"Ondoa uchafu huo mezani."

"Soma kwanza, Shefu. Usiposoma, sitii sahihi, leo ao kesho."

Hakusoma. Sikutia sahihi. Mwisho wa mwezi nikaondolewa kazini, na Dada peke yake ndiye aliyesimama kunipa mkono mbele yao wote.

Sasa ninaendesha lori la mfanyabiashara, gia za mkono. Ile nyumba ya magurudumu imeegeshwa kijijini Kingi bila bwate, na Dada huenda Mpofi kwa pikipiki na kile kinachoingia kwenye mfuko wa mgongoni. Kitanda hakiingii. Ninapopita Mpofi, kina mama huniuliza, "Papa, nyumba ya daktari itarudi lini?"

Ningeweza kuwaambia iliharibika, na wote wangetikisa kichwa, magari huharibika. Siwaambii hivyo. Ninazima lori, ninashuka, na ninawaambia haikuharibika, iliharibiwa, na ninawaeleza ni nani aliyeamuru na ni nani aliyekanyaga.