Alama Nyekundu Kwenye Ukingo wa Kisima

Shemeji yangu hutembea na nyundo. Ndani ya mkoba wake wa mkononi, katikati ya kitana, leso na funguo, kuna nyundo ya kupasulia mawe yenye mpini uliosuguliwa hadi ukang'aa. Wanawake wa mtaa wetu walipoiona mara ya kwanza walicheka hadi wakashikana mabega, wakampa jina la Mama Nyundo. Jina likaganda hata kabla hajawa mama wa mtu.

Namwandika kwa sababu watu wa aina yake hawaandikwi, na jambo hilo huniudhi. Bomba likifunguliwa tunampigia makofi anayekata utepe, na picha yake inatundikwa ukutani. Aliyejua maji yapo wapi, yanatoka wapi na yanakwenda wapi, hata kiti hapewi. Basi mimi nampa kiti hapa.

Alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa mwanafunzi wa jiolojia, mwaka wake wa mwisho chuoni. Alikuwa anazunguka mtaa mzima kupima visima: kwanza kila ukingo uko juu kiasi gani, halafu maji yako chini kiasi gani kutoka kwenye ukingo huo. Hicho kipimo cha pili alikichukua kwa utepe mrefu wenye kichwa cha chuma, ambao ukigusa maji unalia kama kifaranga. Kwa kile cha kwanza alihitaji mtu wa kumshikia fimbo ya vipimo juani. Kaka yangu, ambaye nyumbani alikuwa hashiki hata fagio, akajitolea. Aliisimamisha ile fimbo mchana kutwa, kifua mbele, kama askari wa gwaride. Mama alichungulia dirishani, akaniambia, "Huyu amekwisha."

Kisima chetu alikichimba marehemu baba kwa mikono yake, na nusu ya mtaa huchota hapo. Shemeji alipomaliza kukipima alitoa kopo dogo la rangi, akachora mstari mwekundu juu ya ukingo. Mama akatoka mbio.

"Wewe binti! Umenichafulia kisima!"

"Nisamehe, Mama. Hapa ndipo tutakapopimia kila mwezi. Tukipimia pengine hesabu zote zinaharibika."

"Kwa hiyo hii isifutike?"

"Isifutike kabisa, Mama. Nakuomba."

Mama akaitazama ile alama, akamtazama na kaka aliyekuwa bado amekumbatia fimbo, akasema haya.

Walipooana tulipiga picha uani. Ninayo mbele yangu ninapoandika. Bibi harusi ameketi juu ya ukingo wa kisima, gauni limekunjwa magotini, miguu inaning'inia hewani kama ya mtoto aliyepandishwa mezani. Shemeji ni mfupi, na mimi ndiye niliyempigia kelele siku ile, "Shemeji, shikilia! Ukidondoka humo tutakupima na wewe!" Akanijibu, "Nikidondoka nitakuvuta, tupimwe wote." Tangu hapo hatujawahi kusalimiana bila kuchokozana.

Wakahama kwa ajili ya kazi yake, wakakaa mbali miaka kadhaa, kisha akarudishwa kwenye ofisi ya maji ya mji wetu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye feni inayokwaruza, kabati lililojaa mifuko ya mchanga na vipande vya mwamba, na kompyuta aliyoifunika kwa kitambaa cha meza ili vumbi lisiingie. Humo ndani ya kompyuta aliujenga mtaa wetu upya, lakini kwa chini.

Modeli, alinieleza, ni kama sakafu ya vigae. Unaigawa ardhi miraba midogo midogo, na kila mraba unauambia wewe ni mchanga, wewe ni udongo wa mfinyanzi, wewe ni mwamba uliopasuka. Unaiambia mvua inanyesha kiasi gani na watu wanachota kiasi gani. Kisha unaiacha ihesabu maji yanakwenda wapi. Ikimaliza, unailinganisha na visima vya kweli. Visima ndio mashahidi.

"Yaani unalipwa mshahara kwa kunyesha mvua ndani ya kompyuta?" Mama alimuuliza siku moja.

"Ndiyo, Mama."

"Basi nyesha kidogo na huku kwenye bustani yangu."

Mambo yalibadilika pale tangi la chini la kituo cha mafuta, kule mwisho wa mtaa, lilipogunduliwa linavuja. Lilikuwa limevuja muda mrefu. Swali likawa moja tu: mafuta yanakwenda upande gani? Mtaa wetu ni bapa kama sinia. Juu ya ardhi huwezi kujua, maana hata maji ya mvua husimama yakashangaa. Chini ya ardhi maji hushuka kutoka palipo juu kwenda palipo chini, hata kama tofauti ni ndogo mno kwa jicho, na mafuta hufuata humo humo. Yakielekea kwenye uwanja mtupu wa matofali, tuna nafasi ya kuyawahi. Yakielekea kwetu, nusu ya mtaa itakunywa sumu.

Shemeji akakaza macho kwenye ile kompyuta. Akapima visima vyote upya, chetu kikiwemo, akiinama juu ya mstari mwekundu na utepe wake. Visima vyote vikakubaliana na modeli yake, vingine kwa tofauti ya upana wa kidole. Chetu kikagoma. Modeli ilisema maji yetu yawe chini. Kisima kikasema hapana, yako juu, karibu dhiraa nzima juu ya hesabu.

Mkuu wake, mtu mwadilifu na aliyefanya kazi hiyo kabla sisi hatujazaliwa, alimwambia neno ambalo mwanasayansi yeyote angelisema. "Modeli ni dhana yako. Kisima ni kweli. Hesabu ikigombana na kisima, amini kisima."

Akaamini kisima. Akairekebisha modeli hadi ikanyamaza, na mishale inayoonyesha mwendo wa maji ikageukia uwanja wa matofali. Sampuli ya maji yetu ikarudi kutoka maabara ikiwa safi. Akawaambia watu mkutanoni kwamba kwa sasa kisima chetu ni salama. Wakashangilia, na Mama akatembea wiki nzima shingo imenyooka, akimwambia kila aliyekuja na ndoo, "Mkwe wangu amekipima mwenyewe."

Lakini shemeji hakuwa na raha. Ili kisima chetu kikubaliwe, alikuwa amelazimika kuuambia mraba mmoja wa modeli kwamba ni mfinyanzi, na yeye alijua kwa macho yake, tangu enzi za uanafunzi, kwamba baba alichimba kwenye mchanga mtupu. "Nimemsingizia marhumu," aliniambia. "Mmoja wetu anasema uongo. Mimi, kompyuta, au kisima."

Jumapili moja wakaja kututembelea. Mama alikuwa jikoni anachemsha chai, kaka amelala kwenye kochi mdomo wazi, mimi nafua shati karibu na kisima. Shemeji akatoka uani, akavua viatu, akaketi juu ya ukingo, tukaanza porojo zetu.

"Shemeji, naona unafua. Umeshindwa kupata mke au mke ameshindwa kukupata?"

"Nasubiri mrefu. Familia haiwezi kubeba wafupi wawili."

Nikainua macho. Alikuwa anatazama miguu yake. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimekanyaga chini, vizuri kabisa, hadi visigino.

"Shemeji," akasema polepole, "mimi nimerefuka?"

"Labda kwa ndoto."

"Lete ile picha ya harusi."

Nilidhani ni mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha. Nikaileta na mapovu mkononi. Akaiangalia, akaangalia miguu yake, akateremka na kupiga magoti mbele ya kisima kama mtu aliyedondosha pete. Akapapasa ukingo. Saruji ya juu ilikuwa nyororo na changa kuliko ya ubavuni. Mstari mwekundu ulikuwepo, mzuri, umenyooka.

"Mama!" akaita. "Mama, hiki kisima kimefanywa nini?"

Mama akatokea na kijiko mkononi. "Kimefanywa nini tena? Mgongo wangu uliponisumbua, mlipokuwa mbali, nilimwita fundi akakipunguza. Nilikuwa siwezi kuipandisha ndoo hadi kule juu."

"Na alama? Alama yangu nyekundu?"

Uso wa Mama ukachanua. "Ah! Hiyo nilisimama naye. Yule fundi alitaka kuipoteza, mzembe yule. Nikamwambia, thubutu! Hiyo ni alama ya mkwe wangu, kaniomba isifutike. Nikamnunulia rangi, akairudishia palepale. Si palepale?"

Shemeji aliketi chini kwenye sakafu yenye maji. Akaanza kucheka, halafu nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Mama akaduwaa, hajui kama amesifiwa au amekosa.

Palepale, lakini dhiraa moja chini. Kila mwezi ofisi ilikuwa inapima kutoka kwenye ukingo mfupi na kuhesabu kana kwamba ni ule mrefu, kwa hiyo maji yetu yakaonekana yapo juu kuliko yalivyo. Mapenzi ya Mama yalikuwa yamepakwa rangi nyekundu, yakaidanganya ofisi nzima. Modeli ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo. Na maji yetu kama yako chini, basi mishale inageuka. Mafuta yalikuwa yanakuja kwetu.

Kaka aliamshwa. Alipoelewa, akajaribu kuvuta muda. "Mke wangu, umewatangazia watu ni salama. Maabara imesema safi. Subiri basi mchimbe shimo la majaribio kule katikati, mkipata harufu ndipo useme."

"Maabara imesema safi ya siku ile. Kila ndoo tunayochota inayavuta mafuta yasogee. Nisubiri ndoo ngapi?"

"Watakucheka."

"Wanicheke wakiwa wazima."

Sijawahi kuona ushujaa wa namna hiyo. Wengi wetu tumesoma, tumevaa joho, tukapigwa picha, lakini kusimama na kusema "nilikosea" mbele ya watu waliokupigia makofi, hilo halifundishwi darasani. Hata hivyo hakuanza na watu. Alianza na Mama, maana aliyekuwa anapokonywa ni yeye. Akamshika mikono, akamweleza kwa sinia na maji ya kikombe, akiinamisha sinia kidogo sana ili aone yanavyotambaa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewapoteza," akasema.

"Hapana, Mama. Wewe ulinitunzia alama. Mimi ndiye niliyekosa kuuliza juu ya kisima."

Nilimwona Mama akitazama ule mdomo wa kisima ambao mumewe aliutolea jasho na kucha mbili za miguu. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe, akafungua fundo la kamba, akaizungusha kiwikoni mpaka ndoo ikapanda kwa mara ya mwisho. Akayamwaga maji yake kwenye bustani.

"Kaseme," akamwambia mkwe wake. "Nitakaa mstari wa mbele. Atakayekuzomea anione."

Walizomea. "Juzi salama, leo sumu! Kompyuta ina homa?" Fundi baiskeli wa pale kona akauliza kama nyundo yake imempiga kichwani. Shemeji akangoja wamalize, akawaambia bila kupindisha: nilipimia mahali palipobadilika, sikujua, sasa najua, msinywe. Mama akageuka kwenye kiti chake, akawatazama mmoja mmoja, kelele zikapungua kama redio inayoishiwa betri.

Siku chache baadaye wakachimba shimo la majaribio kati ya kituo cha mafuta na nyumba yetu. Nilikuwepo. Bomba la sampuli lilipopanda, hakuna aliyehitaji maabara. Harufu ya petroli ilitufikia tukiwa tumesimama mbali, na yule fundi baiskeli akavua kofia yake, akaishika kifuani.

Kisima chetu kilifungwa kikiwa bado hakijaguswa na mafuta. Hakuna mtoto aliyeugua, na sitaki mtu aniambie hilo ni jambo dogo kwa sababu halikutokea. Kwa modeli ile ile, sasa ikiwa na namba ya kweli na mchanga wa baba umerudishiwa heshima yake, ofisi ilichagua mahali pa kuchimba kisima kirefu upande maji yanakotoka, si yanakoelekea. Huko ndiko mtaa unakochota leo. Siku ya ufunguzi utepe ulikatwa na mtu mwingine, bila shaka. Lakini wanawake walipopanga foleni, wa kwanza akajaza kikombe, akampelekea Mama Nyundo alipokuwa amesimama nyuma kabisa, akamwambia, "Onja, dada. Ni yako." Akanywa, akafuta macho kwa leso, akadai ni vumbi.

Kisima cha baba bado kina kazi. Ni kisima cha kupimia tu sasa, kimewekwa kifuniko chenye tundu. Kila mwezi shemeji huja na utepe wake. Mama humshikia mfuniko, na kifaranga kikilia chini kabisa, ni yeye anayeitikia, "Haya, yapo!"

Juzi nilichoka, nikakaa pale juu ukingoni nikifunga kamba za viatu. Sauti ikatoka jikoni ikanirusha.

"Shuka hapo! Mzito kama wewe, utakididimiza kisima, umharibie mwanangu hesabu!"

Nikashuka.