Tela Lililomeza Nyumba Yetu

Naapa kwa mvi zangu zote, hata zile zilizobaki sakafuni kwa kinyozi: haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mkionja chumvi, ilikuwemo tangu mwanzo.

Nyumbani kwetu aliingia mwizi asiyetaka pesa.

Alianza na mlango wa kabati la nguo. Mlango tu. Nguo akaziacha zinaning'inia.

Siku hiyohiyo miwani yangu nayo ikapotea.

Wiki iliyofuata, bomba la sinki. Halafu pazia. Halafu meza ndogo ya kukunja.

"Mwizi gani huyu?" mke wangu akauliza.

"Wezi wa siku hizi wamesoma," nikamwambia. "Wanachagua."

Nikamweleza kwamba nimemwona kwa macho yangu, mchana kweupe, akiruka ukuta na ule mlango kichwani kama mwavuli. Mrefu. Mguu mmoja mfupi.

"Pole yake," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Haya. Mwizi nilikuwa mimi.

Msinihukumu bado. Mke wangu ana dada yake wa tumbo moja, anaishi mbali, safari ya siku mbili. Hawajaonana miaka tisa. Mgongo wa mke wangu hauvumilii kukaa zaidi ya saa mbili. Ukizidi hapo, lazima alale chali nusu saa. Sasa basi gani litakusubiri ulale chali?

Na dada mtu macho yanamwishia. Alipiga simu akasema, "Njoo wakati bado naweza kukuona."

Mke wangu alikata simu. Aliosha kikombe kilekile mara tatu.

Ndipo nikaamua kutengeneza tela la kulalia, la kufunga nyuma ya gari letu kuukuu. Akichoka tunasimama, anajinyoosha, tunaendelea. Nikalifanya siri, nimshtukize.

Tatizo, kiinua mgongo changu kilishaota mbawa. Nikapata ekseli ya gari lililokufa kwa bei ya kutupa. Fundi wa kuchomelea akaniungia fremu uani kwake. Vingine vyote, nyumba ikatoa.

Kuiba najua. Nimekuwa mtunza stoo miaka thelathini na nne, nimekamata wezi mpaka wakaniita Paka. Mwizi mzuri hubeba kimoja kimoja, tena kile ambacho siku hiyo hakuna atakayekiulizia.

Lakini kazi ilinimaliza, ndugu zangu. Miaka sitini na sita si mchezo. Nikipigilia msumari mmoja, napumzika muda wa misumari miwili. Plaiwudi nilipima mara tatu kwa kukisia, sina miwani, na bado ikapungua upana wa kidole. Magoti yangu yalilia kuliko bawaba.

Jioni narudi na vumbi la mbao masikioni.

"Ulikuwa wapi, baba?"

"Namfuatilia mwizi."

"Mbona umechoka hivyo?"

"Ana mbio."

Ajabu, nyumba ikawa kama inanisaidia. Nikiwaza godoro jembamba, nalikuta limeegemezwa mlangoni. Lile bomba la sinki, nilipolifunga kwenye tela, likaanza kuvuja. Kesho yake nikakuta jipya mezani, limekaa peke yake. Nikasema, wazee tuna bahati.

Miezi minne ikapita. Asubuhi ya kumaliza nikampeleka mke wangu uani kwa fundi, na hotuba yangu tayari: mwizi nimemkamata, kumbe alikuwa anajenga kitu hiki, nimemnyang'anya. Nikaitoa yote.

Akalizunguka tela polepole, mkono kiunoni. Akafungua mlango wa kabati, akaingia. Akalala chali kwenye godoro.

"Hadithi nzuri," akasema. Akafungua mkoba, akanipa miwani yangu. "Mwizi wako aliidondosha ndani ya kabati. Vaa, halafu geuza hiyo meza."

Nikageuza. Chini yake, nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

"Chungulia chini ya bomba."

Nukta.

"Na kona ya godoro."

Nukta.

Fundi akageukia ukutani, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mtego huo ni wangu. Stoo nilikuwa naweka nukta chini ya kitu, nakiacha wazi, nasubiri. Nimeusimulia mezani miaka yote hiyo. Sikujua kuna mtu anasikiliza.

"Fundi aliponiambia bomba linavuja, ningekuacha nalo, nilale kwenye maji?" akaniuliza. "Sasa tazama humu. Kabati langu. Pazia langu. Meza yangu ya kushonea. Mwizi huyu ana adabu sana. Cha mume hagusi."

Nikazungusha macho kona zote, nitafute changu hata kimoja. Hakikuwepo.

"Kiti chako," akasema.

Kile kiti nilipewa kazini siku ya kuagwa. Sponji lake linammeza mtu. Hata watoto wangu hawakikalii.

"Kiti hakitaingia humu, mama."

"Sponji litaingia kwenye gari. Kiti cha mbele kinanikata mgongo."

Fundi, bila kuombwa, akaninyooshea kisu.

Nilikichana mwenyewe, sebuleni, mchana huohuo.

Jana tumefika. Siku mbili zikawa nne. Dada mtu alimshika mke wangu uso kwa mikono yote miwili, akamsogeza karibu, akamtazama sana.

"Umezeeka," akamwambia.

Kumbe bado anaona.

Funzo ni hili: ukitaka kumtendea mwenzako wema, anza kuchomoa kwenye kiti chako mwenyewe. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo, nje ya tela. Wao wawili wamo ndani, wamejinyoosha, na mlango wa kabati wameufunga.