Maji Chini ya Miguu ya Baba

Masika yalipoanza, baba alikuwa akishuka kwenye pikapu na makubadhi yake mkononi. Maji yalikuwa yakijaa upande wake tu, chini kwenye kapeti, mpaka yakafika vifundoni.

"Miguu nshatawadha," aliniambia. "Umebaki uso."

Mimi sikucheka. Kila Ijumaa baada ya sala tulikuwa tukitoka nyumbani Bububu, mimi nikiendesha, kwenda kulizuru kaburi la mama, karibu na Mkokotoni, na safari hiyo ilitegemea gari ile kuliko nilivyotaka kukiri. Nyonga ya baba ilivunjika na haikuunga vizuri. Kiti cha gari ndogo humzamisha. Akishakaa hawezi kuinuka. Siku moja, mbele ya mlango wa msikiti, wanaume wawili walimtoa kwenye gari ya jamaa yetu kwa kumshika makwapa, na watu waliokuwa wakitoka kusali wakasimama kutazama. Tangu siku hiyo aliapa kutopanda tena gari ya mtu. Kiti cha pikapu kiko usawa wa nyonga yake: hugeuka, huteremsha bakora, na amesimama. Ikiharibika pikapu, basi na kaburi limekwenda mbali.

Nimesomesha jiografia umri wangu wote, na nilidhani kuwa ninayajua maji. Kumbe maji ya kwenye gari hayafuati mteremko unaoonekana. Hutambaa ndani ya mikunjo ya bati na kujitokeza pahala pasipo pake. Nilipaka poda kwenye mpira wa mlango, nikaufunga, nikamwagia maji kwa mpira wa bustani. Poda ikabaki kavu; hayakupitia pale. Nikavua ubao wa ndani wa mlango na kubandika nailoni mpya. Nikaziba ukingo wa kioo cha mbele kwa gundi nyeusi iliyoning'ang'ania kuchani kwa wiki nzima. Kila nilipomaliza nilitandika magazeti chini, na kila mvua ilipokatika niliyakuta yamekuwa uji.

Baba alikuwa akinitazama kutoka barazani. "Unaikogesha tena? Itashikwa na homa."

"Natafuta yanapoingilia, baba."

"Tafuta. Gari hii haina ubaya. Nimeitunza kwa mkono wangu."

Hatimaye nilifungua kifuniko kilicho chini ya waipa. Ndani mlikuwa na sanduku la bati, limejaa majani ya mti wa mkungu na maji yaliyosimama mpaka kwenye tundu la feni ya kupulizia hewa, na humo ndimo yalimokuwa yakifurikia kuingia ndani. Sanduku lile lina matundu ya kutolea maji. Nilipenyeza waya katika tundu moja. Ukagota kwenye kitu laini, na nilipouvuta ulitoka mweusi. Ilikuwa lami.

Nililala chali chini ya gari, nikayaona matundu yote yamezibwa. Kila mwaka, kabla ya masika, baba alikuwa akiipaka gari yake lami iliyochanganywa na oili chafu, kama wafanyavyo wengi hapa kwetu ambako chumvi ya bahari haiachi chuma kikapumua. Aliifanya kazi ile kwa bidii mno. Popote alipoona tundu aliliziba, kwa kuwa kwake tundu lilikuwa mlango wa kutu. Maji ya kila mvua, miaka yote hiyo, yalikuwa yameingia na kufungiwa ndani.

Niliyazibua matundu. Maji mekundu yakatiririka uani, yakinuka kidimbwi, na kwa dakika chache nilifurahi kama mtoto. Kisha nikavuta kapeti ili nilianike, na bati likaja nalo. Kupitia sakafu ya gari nilimwona kuku akidonoa chini.

Fundi wa kupiga bodi za magari alikuja, akabonyeza mguu wa kiti kwa kidole gumba. Kiti kikadidimia.

"Bi, kuchomelea kunataka bati. Hapa nichomelee hewa? Mtu asikae tena upande huu."

Baba alisubiri aondoke. "Umeyaona yanapoingilia?"

"Nimeyaona. Chini ya kioo. Nshayatoa."

"Basi Ijumaa tunakwenda."

"Sakafu imekwisha, baba. Haiwezi kukubeba."

"Imekwishaje, na mimi kila mwaka naipaka?"

Jibu lilikuwa bado jeusi kwenye kucha zangu. Niliificha mikono chini ya kanga. "Gari imezeeka," nikasema.

Ijumaa jirani yetu alituletea gari yake mlangoni. Baba alitoka amevaa kanzu, akakitazama kile kiti cha chini, akarudi barazani akakaa.

"Nenda wewe," alisema. "Mfikishie salamu zangu."

Nilikwenda peke yangu. Nilisoma Fatiha na Yasini, nikamfikishia mama salamu. Nisingeweza kumweleza hata yeye kwa nini mumewe hakuja.

Niliporudi, baba aliniuliza jambo moja tu, kama majani yameota juu ya kaburi.

"Yameota kidogo."

"Ijumaa ijayo chukua panga," alisema, akaingia ndani taratibu akishika ukuta. Habari za gari hakuziuliza tena.