Senene wa Mama Koku

Ninyi tuliokua pamoja Kirumba, bado mnayakumbuka yale mawe ya ziwani tuliyokuwa tukivulia samaki? Tukitoka shule tunatupa madaftari, tunakata vijiti, tunafunga mshipi na ndoano, na mpaka jua linazama tuko pale, magoti yamepauka, tunavua furu na sato wadogo katikati ya mji kana kwamba ziwa ni la mama yetu. Chambo kilikuwa minyoo. Wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi tuliwakamata kwa mikono, ingawa nusu yao tuliwameza kwa sababu hatukujua kufunga midomo.

Tulikula kila kitu, au ndivyo tulivyojidanganya. Kumbikumbi tuliwala wangali wanatapatapa. Furu tuliwachoma na magamba yao. Mapanki, ile mifupa ya sangara iliyotupwa na viwanda, tuliyafyonza mpaka mfupa ukabaki mweupe. Lakini senene? Panzi? Kwa Wasukuma wa nyumba yetu, hapo ndipo palikuwa mwisho wa dunia.

Jirani yetu Mama Koku alikuwa Mhaya. Mama alipolazwa hospitali, yeye ndiye aliyetulisha, akatuogesha, na kutuchapa tulipostahili. Mama hakuwa na ndugu mwingine mjini. Kwa hiyo siku Mama Koku alipoleta bakuli la senene wabichi waliokuja na meli kutoka Bukoba, ameshinda akiwanyofoa mbawa na miguu mmoja mmoja, mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru nusura apige magoti. Mlango ulipofungwa tu, akatugeukia mimi na kaka yangu Masanja.

"Hawa panzi kavulieni samaki. Na mtu asijue."

Jamani! Sijawahi kuona samaki wakila namna ile. Ndoano ilikuwa haijazama vizuri, tayari mshipi unavutwa. Tulikuwa tunapiga kelele kama wendawazimu Mama Koku alipotokea na beseni la nguo za kufua. Masanja, kwa furaha, akamkimbilia.

"Shikamoo Mama Koku! Njoo uone sato!"

"Marahaba, mwanangu. Leo mmetumia chambo gani?"

Akamwonyesha bakuli. Bakuli lake mwenyewe.

"Yeee, waitu! Senene wangu mnalisha samaki?"

Nilisubiri kofi. Halikuja, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua bakuli lake na nguo zake chafu, akarudi nyumbani bila kuzifua.

Mama aliposikia, alijishika kichwa. "Nimempoteza mtu wangu," alisema, na akatoka pekupeku. Tulimfuata nyuma. Tulimkuta Mama Koku akiwakaanga senene waliobaki, wala hakututazama.

"Dada, nisamehe. Niliogopa kuwala, nikaogopa na kukwambia."

"Ungesema, Mama Masanja. Mimi nilipohamia hapa, ugali wako wa udaga ulinishinda kwa harufu. Niliumeza kwa kuwa umeupika wewe."

Miaka yote ile mama alikuwa akimpelekea huo ugali wa muhogo uliovundikwa kwa majivuno! Akachukua senene mmoja kikaangoni, akafumba macho kama anayemeza klorokwini, akatafuna. Akafumbua jicho moja. Mkono ukarudi kikaangoni. Mama yangu mzazi! Nilidhani amerogwa. Baadaye kidogo walikuwa wakicheka na kunyang'anyana waliobaki, sisi tukifukuzwa tusiwamalizie.

Watoto wangu wa leo wakiona kichwa cha sato mezani wanapiga yowe, eti kinawatazama. Wanaamini samaki anazaliwa minofu, na uvuvi wanaujua kwenye simu, wamelala kwenye kochi na chipsi zao. Huwa nawacheka sana.

Wiki iliyopita kicheko kilinikauka. Tumejenga Kiseke, pembeni mwa mji, ukuta mrefu, geti la chuma. Asubuhi tuliamka tukasikia vilio nyumba ya pili, na maturubai yanafungwa. Binti yangu akaniuliza, "Baba, nani amekufa?" Nikaenda kufungua geti nichungulie. Miaka yote mimi na watu wa nyumba ile tumepigiana honi tu barabarani. Sikujua marehemu alitoka wapi, alipenda kula nini, wala alikuwa nani wa nani. Nilisimama getini, mtu mzima mwenye mvi, nikiwa sina hata jina la kumlilia.