Msamaha Wenye Ila

Mmenisumbua vya kutosha, kina mama wa kanisani. Mnataka niandike habari za wifi yangu, mimi ambaye herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Nimechoka na macho yamechoka. Lakini nikimwachia mwingine, atampaka asali. Basi someni.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilitazamana na changu, ua katikati. Kabla ya kukata kitambaa alikipitishia kiganja polepole, kama anayekanda mtoto. Akigusa uzi uliokatika, alikikunja. "Hiki kina ila. Kirudi dukani." Mwenye duka akimwona anakuja, alijificha nyuma ya majora.

Siku tuliyomzika mume wangu, wifi alisimama mbele ya watu akasema, "Kaka yangu hakuuawa na ugonjwa. Ameuawa na njaa, na chakula kilikuwepo."

Watu wakanitazama mikono. Mikono hii ndiyo iliyokuwa ikiwaosha na kuwalisha wagonjwa wa kanisa letu. Tangu siku ile hakuna aliyeniita. Beseni langu lilikaa juani mpaka likapasuka.

Mchungaji akamwambia wifi, "Mama, Mungu anataka jambo moja kwako. Ukalifute neno lile kwa wifi yako, na mbele ya waliolisikia."

"Nitakwenda, Mchungaji. Ila nilikuwa na uchungu."

Akaja kweli, akasimama kizingitini. "Wifi, unisamehe kwa lile neno. Ila na wewe, siku nilipokuja kumtazama kaka nilikuta sufuria baridi."

"Ilikuwa baridi kwa sababu kaka yako alikuwa hamezi tena."

"Mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza. Msamaha wako una ila, wifi. Urudi dukani."

Nikafunga mlango.

Basi akajitupa kwenye kazi za kanisa. Alifunga kula mpaka mashavu yakabonyea. Akashona kitambaa cha meza ya Bwana, cheupe, pindo lote kwa mkono, bure. Mimi nikasema moyoni, huyu anamshonea Mungu pazia ili asichungulie ndani.

Alipokipeleka, Mchungaji alikisifu, akakikunja, akamrudishia. "Hukutumwa kushona, mama. Ulitumwa kuvuka ua."

Alirudi nacho kwapani. Pale uani nikamwona anakikunjua, anakipitishia kiganja pindo hadi pindo. Hakikuwa na kosa hata moja. Akaingia ndani, na cherehani haikulia tena siku ile.

Kikao cha kina mama kilipofika, akasimama. "Lile neno nililosema msibani, nalifuta. Ila..."

Mwenyekiti, mjane mwenye ulimi wa wembe, akamwambia, "Hapo pa ila, fundi, tukuletee mkasi?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Akakaa. Kisha akasimama tena, magoti yakilia.

"Nilisema uongo. Wifi yangu alimlisha kaka yangu kwa kijiko mpaka kinywa kilipokataa. Basi."

Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kama unaotafuta lile neno lililozoeleka. Akaufunga.

Sikumkumbatia. Nilisogea kwenye benchi, akakaa.

"Umechoka," nikamwambia.

"Nimechoka, wifi. Kujitetea kunachosha kuliko cherehani."

"Hata kungoja kunachosha."

Wiki ile ile nikaitwa kwa mgonjwa, nikanunua beseni jipya. Na miaka ilipopita, alipolala yeye kitandani, alikataa mikono ya binti zake akataka hii yangu. Nilimlisha kwa kijiko. Alikuwa akilalamika uji ni wa moto, na nilimwacha alalamike.

Sasa ni zamu yako wewe uliyenisumbua. Yuko mtu uliyetumwa kwake, na unamjua. Vuka ua leo. Kisha uje unisimulie ulichosema, neno kwa neno. Nikisikia ila humo, nakurudisha.