Upepo wa Nyota Ulionipeleka Msambweni

Barua ilifika Jumatatu asubuhi, na nilipomaliza kuisoma nilijikuta nimeketi. "Mwanangu harudi shule inayomfundisha habari za mapepo." Aliyeandika ni babake Mwanasiti, mwanafunzi wangu bora wa fizikia, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakisha wiki tatu. Mapepo? Mimi, mtu wa bara, jini sijawahi kumwona hata kwa picha.

Saa tatu niliondoka Kwale mjini. Kona ya Musa nilibadilisha gari, nikapita Kinondo nikijitetea kwa sauti mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Msambweni, saa sita. Mzee, babake Mwanasiti, alikuwa uani akifagia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu uketi."

Akaniletea daftari la bintiye. "Haya si maneno yako?"

Nikasoma: *Kundi la nyota kubwa lina upepo mkali, na kwa upepo huo nyota nyingine huzaliwa katika mawingu ya gesi yanayolizunguka.*

"Ni yangu. Kosa liko wapi?"

"Kwetu mwenye upepo ni mwenye jini. Mamake Mwanasiti alikuwa na upepo. Nilimzika nao."

Miaka minne nimefundisha pwani, na neno hilo nimeliandika ubaoni kila mwaka. Niliona aibu.

Mwanasiti, aliyekuwa mlangoni akitusikiliza, akauchukua ufagio wa babake. "Si upepo huo, baba. Nyota kubwa zina mwanga mkali, tena gesi huzitoka kwa kasi. Zinalisukuma wingu hivi." Akafagia, vumbi likarundikana ukingoni. "Hapa gesi inasongamana, inajivuta yenyewe kwa uzito wake, inapata joto mpaka inawaka. Ndiyo nyota mpya."

Darasani sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Mzee alilitazama lile rundo. "Na hizo kubwa? Zinaishi zikayaona makuzi ya hizo changa?"

"La, mzee. Kwa kuwa ni kubwa mno, zinateketea upesi. Hufa kabla zile changa hazijakomaa."

Nilijuta papo hapo, nikimkumbuka marehemu mamake Mwanasiti. Mzee akamgeukia bintiye.

"Kumbe si upepo ule. Vaa buibui lako, mwanangu, uende na mwalimu."

Jioni, Kwale, nilimpa Mwanasiti karatasi zangu zote za masomo na kalamu nyekundu, akate kila neno lenye maana nyingine kwao pwani. Alipofika ukurasa wa pili alikuwa ameshakata maneno manne.