Wivu Uliomfundisha Mama Lita Kubana Mafuta

Kabla mikate haijapakiwa, Mama Lita anachukua kitambaa na kufuta mgongo wa kiti cha dereva. Kioo hakigusi, usukani haugusi. Anafuta pale chini tu, penye alama ya vumbi ya kiatu kidogo. Akimaliza anakunja kitambaa na kukirudisha chini ya kiti.

Ni alfajiri ya Ijumaa, nyuma ya bekari. Gari lake ni dogo na la zamani, rangi ya bluu iliyopauka, mlango mmoja mweupe uliotoka kwenye gari jingine. Trei za mikate zinapangwa nyuma mpaka karibu na paa. Wapakiaji wakielemea upande mmoja, anawarudisha.

"Hata punda hupakiwa pande zote mbili," anawaambia.

Anawasha na kuondoka papo hapo, bila kuacha injini iungurume bure. Anapandisha gia mapema. Akiona taa nyekundu kwa mbali, anaondoa mguu kwenye mafuta na gari linateleza lenyewe hadi pale. Walio nyuma wanampigia honi. Hageuki.

"Wanakimbilia kusimama," anasema. "Na mimi nafika palepale, ila mafuta yangu bado ninayo."

Kwenye duka la kwanza, kabla ya kushusha trei, anazunguka gari akigusa kila gurudumu kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Muuza duka hashangai, amezoea. Mtaani jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika. Hili la Mama Lita alipewa na madereva wa teksi katika kituo cha mumewe, na hawakumpa kwa heshima.

Miaka mitatu iliyopita gari hili lilikuwa teksi ya mume peke yake, na lilikuwa linakunywa. Mume aliondoka asubuhi tenki limejaa, akarudi jioni mshale umelala, mfukoni ana hela ya mboga tu. Akiulizwa, alisema foleni. Akiulizwa tena, alisema gari limezeeka. Mama Lita alikuwa mke mchanga, mjamzito wa mtoto wao wa kwanza, na akapiga hesabu yake mwenyewe: mafuta hayapotei hewani. Yanakwenda mahali, na mahali hapo pana kitanda.

"Nilijua kuna mwanamke," anasema, kisha anacheka kidogo. "Nilikwisha kumpa hadi sura. Nikampa na gauni la njano."

Hakugombana. Anasema tangu utotoni, akiwa na jambo zito, ulimi humkauka. Hata shule aliiacha darasa la tano bila kumwambia mwalimu sababu. Basi akafunga nguo zake kwenye mfuko, akauweka nyuma ya mlango. Kisha akaona kwamba akirudi kwao mikono mitupu wataanza kumuuliza yeye, afadhali arudi na ushahidi. Asubuhi moja, tenki likiwa limejazwa, alikwenda kuketi kiti cha mbele.

"Unaumwa?" mume akamuuliza.

"Siumwi. Twende."

Kutwa nzima aliketi pale, tumbo mbele, abiria wakipanda nyuma. Kila waliposimama alichungulia mshale na kuuliza zimebaki lita ngapi. Kituoni madereva walivunjika mbavu. "Shemeji, umekuja kumlinda?" mmoja alimwambia. "Ungekaa nyumbani, sisi tunamlinda bure." Jioni hiyohiyo jina la Mama Lita likazaliwa.

Jioni hiyohiyo pia mshale ulilala kama kawaida. Hakuna nyumba waliyopitia, wala gauni la njano. Mafuta yalikwisha mbele ya macho yake.

"Nilifurahi, halafu nikakasirika," anasema. "Kumbe mke mwenzangu ni chuma. Nikasema haya, huyu nitamshughulikia."

Alianza na buti. Humo alitoa gia boksi bovu ambalo mumewe alilitunza akitumaini kuliuza, jeki mbili, ndoo ya misumari na nusu mfuko wa saruji iliyokwisha kuganda. Keria ya juu ya paa, ambayo haikuwahi kubeba hata mkeka, ikafunguliwa. Matairi yalikuwa yamelegea kama kandambili za zamani, yakajazwa upepo. Fundi akabadilisha plagi, akatoa chujio la hewa na kulipigapiga ukutani, likamwaga vumbi la kutosha kuoteshea nyanya.

Nafuu ilikuja, lakini ndogo. Fundi akamwambia, shemeji, gari la umri huu ukubali tu. Hakukubali. Alikumbuka kwamba siku ile kituoni aliinama kuokota kandambili iliyomvuka, akajishikiza kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, likamuunguza kiganja. Magurudumu mengine hayakuwa hivyo. Akamrudisha fundi pale pale.

Breki ya gurudumu lile ilikuwa inashika, haiachii hata mguu ukiondolewa kwenye pedali. Gari lilikuwa likikimbia miaka yote huku limeshikwa shati.

Lilipotengenezwa, na mume alipofundishwa kuacha mbio za bure na kuzima injini akingoja abiria, lita moja iliyokwenda kilomita nane ikaanza kwenda kumi na tatu. Hela iliyookolewa ndiyo iliyomlipia Mama Lita masomo ya udereva. Alitaka kuendesha mwenyewe, anasema, ili asisimuliwe. Sasa asubuhi anasambaza mikate, na saa nne mume anachukua gari kwa teksi mpaka jioni. Bekari humlipa kwa idadi ya trei. Akishatoa mafuta, hubakiwa na theluthi mbili ya malipo. Gari lingekuwa linakunywa kama zamani, angebakiwa na nusu.

Nguo zilitoka kwenye mfuko zikarudi kabatini. Wivu nao ungetulia, kama gari lisingepona sana.

"Gari bovu lina pa kuficha," anasema Mama Lita. "Likishapona, halina."

Alikwisha kulijua kama anavyojua kilio cha mwanawe. Akiangalia mshale na kilomita kwenye dashibodi, alijua mume amefika wapi na wapi. Na kila Alhamisi gari lilirudi na safari ya ziada ambayo haikuleta nauli. Aligusa magurudumu, yote ya baridi. Upepo ulikuwa sawasawa. Safari hii hakukuwa na breki ya kusingizia. Ijumaa yake ndipo alipoona alama ya kiatu mgongoni mwa kiti. Mtoto wao ni mdogo, hupakatwa, na mguu wake haufiki pale.

Alama hiyo mwandishi wa makala haya aliiona tangu mwanzo, akaona haya kuuliza. Mama Lita mwenyewe ndiye aliyeanza kuisema, tukiwa njiani kwenda duka la mwisho, macho yake yakiwa barabarani.

Alhamisi moja alikwenda kwa miguu kufuata trei tupu upande wa pili wa mji. Akauona ule mlango mweupe mbele ya lango la shule. Mumewe alikuwa ameinama kiti cha nyuma, anamfunga mkanda msichana wa miaka kama saba. Paji la uso la mtoto lilikuwa la mumewe, lilelile pana. Ndoa yao ina miaka minne. Mtoto alizaliwa kabla yake, kwa hiyo hakuna aliyesalitiwa, ila mtu mmoja hakuambiwa. Mama wa mtoto alikuwa ameegemea mlango wa mbele, akisubiri kuzungumza na baba.

"Gauni lake halikuwa la njano, lilikuwa la kijani," anasema Mama Lita. "Lakini kilichoniuma si gauni. Injini ilikuwa inaunguruma. Kwangu, akisimama hata kununua vocha, anazima. Pale wamesimama wanaongea, wanacheka, hakuzima."

Hakuvuka barabara. Alirudi nyumbani akapika. Mume aliporudi alisema foleni ilikuwa kubwa, naye akampakulia. Tangu siku hiyo kila Ijumaa anafuta alama. Akiiacha, anasema, mume ataiona na kujifunza kuificha, naye hatajua tena kama mtoto alipanda au hakupanda.

Na wivu, je, umekwisha?

"Uishe uende wapi? Namwonea wivu mama yake. Naionea wivu Alhamisi yenyewe," anasema. "Mtoto simwonei. Mtoto anakaa nyuma."

Mumewe hajaambiwa neno. Lakini husoma gazeti kituoni akingoja abiria, kuanzia ukurasa wa mwisho kuja wa kwanza, na ndiyo sababu Mama Lita alikubali kuhojiwa. Anajua madereva watacheka. Walimcheka akiwa na tumbo, anasema, na hakufa.

Kwenye duka la mwisho anashusha trei, anagusa magurudumu, anarudi kuketi. Anashika usukani kwa mikono miwili na kusema polepole, ili iandikwe vizuri.

"Baba watoto, Alhamisi si foleni. Najua. Mtoto mlete nyumbani, ana mdogo wake hapa. Na kuanzia wiki ijayo, kumchukua shuleni nitakwenda mimi. Nikifika pale langoni, injini nitazima."